Karo Hakuna, Pesa ya Kuonyesha Je?

Maktaba ya Makadara hujaa mapema, hasa shule zikifungwa, kwa hivyo nilikuwa nikitoka Umoja kabla Jogoo Road haijashikana. Pale ndipo nilipoandika barua ya kueleza kwa nini nataka kusomea uzamili wa uhandisi wa maji Ujerumani. Niliandika kuhusu ploti yetu: mfereji unaotoa maji usiku wa manane, mitungi ya lita 20 iliyopangwa kwenye ngazi hadi orofa ya nne, kila mmoja umeandikwa kwa rangi nambari ya nyumba ya mwenyewe, na mwenye mkokoteni anayepandisha bei mifereji ikikauka. Mtoto aliyekulia hapo hahitaji kutunga sababu.

Nchi niliichagua kwa hesabu. Uswidi iliwaanzishia karo wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Norwei ikafuata 2023. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani bado havitozi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linadai euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Tena Wangari Maathai alisoma huko, Giessen na Munich, kabla ya kupata uzamivu wake Nairobi mwaka 1971. Hilo lilinitia moyo kuliko tangazo lolote.

Wakala mmoja mtaani alitaka laki moja ili anijazie fomu. Nilikataa. Uni-assist, wanaokagua vyeti kwa niaba ya vyuo vingi, hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Nikajaza mwenyewe, na barua ya kukubaliwa ikaja kutoka chuo kimoja cha jimbo la Hesse.

Kazi ilianzia hapo. Ili upate viza, lazima uonyeshe kwamba una pesa za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, ziwekwe kwenye akaunti iliyofungwa. Ukishafika unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Mama yangu anauza mboga soko la Mutindwa.

Nikipita Kaloleni kwa matatu nikiwaza pesa hizo, nilikuwa nikimfikiria mwanasiasa Tom Mboya. Mwishoni mwa miaka ya hamsini vijana wetu wengi walikuwa tayari wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, wengine hata ufadhili wa karo. Walichokosa ni nauli. Mboya akachangisha hapa na kule ng'ambo, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege moja ya kukodi hadi New York. Yeye aliona kwamba kijana aliyekwisha kufaulu asizuiwe na nauli. Leo kizuizi ni akaunti, na naamini serikali ingeweza kabisa kuwakopesha vijana pesa hii.

Sisi tulikwenda kwa chama cha Mama. Walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya vibanda, mwekahazina akiwa na daftari lake lenye mistari ya kalamu nyekundu.

"Mwanangu, hizi pesa zinaenda kwa nani?" mwekahazina akauliza.

"Zinabaki kwa jina langu, Mama. Natolewa kidogo kidogo kila mwezi."

"Na ukizila, sisi tutalipwa na nini?"

Nikaeleza kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kwa mwaka. Aliandika 140, akapiga mstari chini yake, akauliza mshahara wa kibarua kule ni ngapi. Maswali ya ubalozini Riverside, baadaye, yalikuwa mepesi. Chama kikatoa sehemu. Iliyobaki ilikuwa mkopo wa sacco, na wanawake wanne wa soko wakaweka akiba zao kuwa dhamana yangu.

Sasa nasoma mifumo ya usambazaji wa maji, na jioni napanga mizigo kwenye ghala. Kodi na bima ya afya humeza sehemu kubwa ya zile 992, kwa hivyo mshahara wa ghala ndio unaolipa sacco, kabla ya tarehe tano, ili wale wanne wasikatwe. Wiki jana kijana wa ploti ya pili aliniandikia, ana shahada ya kemia, akitaka orodha ya vyuo. Nilimtumia, lakini kwanza nilimuuliza kama amejiunga na sacco, na ni nani atakayekubali kumdhamini.