Safari ya Hamburg na Kaburi la Sayyida Salme



Kila inapokaribia likizo ya skuli, familia zetu hapa Maskati huanza kuulizana wapi pa kuukimbia msimu wa joto. Wenye jamaa Unguja na Mombasa huelekea huko, wengine huenda London, na wenye wagonjwa aghlabu hushauriwa Ujerumani. Sisi mwaka jana tulikwenda Ujerumani kwa ajili ya goti la Bi Mkubwa wetu, na mji tuliopangiwa ulikuwa Hamburg. Matibabu yalikwenda vyema, alhamdulillahi, na hayo hatutayarefusha. Tunayotaka kuyaeleza ni mji wenyewe, namna ya kuufikia na kuuzunguka mtu akiwa na mzee na watoto, na ziara moja iliyozua maneno nyumbani kabla hatujafunga hata sanduku.

Viza ya Schengen iombwe mapema, kwani miadi hujaa likizo zinapokaribia. Sisi tulipitia Dubai, na kutoka hapo ni mwendo wa saa karibu saba angani. Ukishatoka na mizigo, usihangaike kutafuta teksi. Treni ya mji iitwayo S1 huanzia hapo hapo chini ya uwanja wa ndege, kila baada ya dakika 10, na kwa dakika 25 inakufikisha stesheni kuu. Katika stesheni zao hakuna mlango wa kukuzuia wala mtu wa kukukatia tiketi, hata mgeni hudhani kupanda ni bure. Si bure. Wakaguzi huingia wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na asiye na tiketi hutozwa euro 60 mbele ya watu. Tiketi ni moja kwa treni, basi na boti za abiria. Sisi tulikuwa watano, na kila siku tulinunua ile ya kikundi.

Jirani na stesheni kuu iko njia iitwayo Steindamm, ambayo imejaa mikahawa ya Waturuki, Waafghani na Waarabu. Mambo ya chakula cha halali yalituishia hapo. Msikiti wa Waturuki wenye minara miwili ya rangi ya kijani na nyeupe, katika njia ya Böckmannstraße, ni mwendo wa miguu kutoka stesheni. Upo pia msikiti wa Al-Nour mtaa wa Horn, ambao zamani ulikuwa kanisa na ukafunguliwa kuwa msikiti mwaka 2018. Ama ule msikiti wa buluu ulio ukingoni mwa ziwa la Alster, ambao picha yake wengi wameiona, serikali ya Ujerumani iliufunga mwezi wa Julai 2024, ilipoipiga marufuku jumuiya iliyokuwa ikiuendesha. Wakati wa kiangazi jua huchwa karibu saa nne za usiku, kwa hivyo watoto wataililia Isha kwa usingizi. Na kibla, ambayo Maskati tumeizoea upande wa magharibi na Unguja wazee wetu waliielekea kaskazini, kule iko kusini-mashariki.

Sasa tuje kwenye mto. Hamburg iko juu ya mto Elbe, na bahari iko mbali kiasi cha kilomita 100. Juu ya hivyo, maji ya mto hujaa na kupwa mjini humo, tafauti ya zaidi ya mita 3. Hayo hatukuambiwa na mtu. Bi Mkubwa ndiye aliyeyaona, siku ya pili tulipompeleka kwenye gati za Landungsbrücken. Gati hizo zinaelea, na madaraja ya kuziendea hupanda na kushuka pamoja na maji. Asubuhi tulimsukuma katika kiti cha magurudumu kwa wepesi. Adhuhuri daraja lilikuwa limeinama mpaka tukamshika watu wawili. Akatazama ukuta uliolowa, akasema, "Maji yamekupwa. Huu si mto, huu ni mkono wa bahari." Tangu hapo akawa kila asubuhi anauliza maji yakoje, kama alivyokuwa akiuliza Unguja utotoni mwake. Mwenye mzee asiyeweza kutembea ampandishe boti namba 62 mpaka Finkenwerder na kurudi. Ni boti ya abiria wa kawaida, tiketi ile ile ya treni inatosha, na meli kubwa za makontena utaziona kwa karibu. Watoto walipenda zaidi njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1911, ambayo hupitwa kwa miguu.

Wengi wetu hudhani miji ya Ulaya haituhusu ila kwa hospitali na maduka. Hamburg inatuhusu kwa biashara. Kabla ya mkoloni Mjarumani kutia mguu pwani yetu, wafanyabiashara wa Hamburg walikwisha kuwa na nyumba zao Unguja. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi yake huko mwaka 1849, ikinunua simbi na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Nyingine ilikuwa Hansing. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Majid. Maghala ya matofali mekundu yaitwayo Speicherstadt yalijengwa baadaye, tangu miaka ya 1880, na humo yakawekwa kahawa, chai, viungo na mazulia. Leo yamo katika orodha ya UNESCO. Tulipita hapo kwa miguu, na watoto wakachoka upesi.

Katika ofisi ya Hansing ya Unguja ndimo alimofanya kazi kijana Rudolph Heinrich Ruete. Kisa chake na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, kila nyumba yetu inakijua, na kila nyumba inakisimulia kwa namna yake. Yaliyo hakika ni haya. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866, usiku wa siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakishuka pwani kuoga, alipanda manowari ya Kiingereza akenda Aden. Huko, mwezi wa Mei 1867, alibatizwa na kuolewa siku moja, akaitwa Emily, na bwana wake akamchukua Hamburg. Miaka mitatu baadaye bwana huyo aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika mji ambao sheria haikumwachia mjane mamlaka kamili juu ya mali ya watoto wake. Aliishi kwa kufundisha Kiarabu. Alirudi kuiona Unguja mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, lakini hakurejeshewa nafasi yake wala urithi wake. Akafa Jena mwaka 1924, na kaburi lake liko Hamburg, katika eneo la ukoo wa Ruete.

Bi Mkubwa alipotaja, hapa Maskati, kwamba anataka kupelekwa kwenye kaburi hilo, ami yetu mmoja alikasirika. Akasema, "Mwanamke aliyetoka katika dini, mnamwendea kufanya nini? Mtamsomea nini?" Si yeye peke yake, hapana shaka hata miongoni mwa wasomaji wetu wamo watakaosema hivyo, na hatuwalaumu. Bi Mkubwa akamjibu kwa upole, "Sikusema nakwenda kumsomea, bwana. Yeye alitoka Unguja usiku, na mimi nilitoka Unguja usiku. Nataka kuona alikofikia." Yeye alitoka mwaka 1964, mtoto mkononi. Ami akanyamaza.

Kwanza tulikwenda Uhlenhorst, mtaa ulio kando ya Alster, ambako Salme alikaa na bwana wake. Ni mtaa wa matajiri, wenye miti mikubwa na utulivu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijarumani, na katika kitabu hicho aliutetea utumwa wa Waarabu na kuwataja watu weusi kwa maneno ya kuwashusha. Mwaka 2019 uwanja mdogo wa mtaa huo ulipewa jina lake. Haukupita muda mrefu, kwa ajili ya maneno hayo, ikaamuliwa jina liondolewe. Binti yetu wa miaka 15 alikuwa ameyasoma haya kabla ya safari, akatuuliza mbele ya bibi yake: "Ni kweli aliandika hivyo?" Tukamwambia ni kweli.

Sisi tunaona waliamua sawa, ijapokuwa ilitushangaza kuona katikati ya mji huo huo jengo la Afrikahaus, la kampuni ya Woermann, lililojengwa mwaka 1899 kwa faida ya biashara ya Afrika, lingali na sanamu ya askari wa Kiafrika mlangoni na ndovu wawili uani, na watu wanapiga nao picha. Ni wepesi kulitoa jina la mjane kuliko kulitoa jengo.

Lakini swali la mtoto halikuwa la Wajerumani. Tulikaa juu ya benchi ukingoni mwa ziwa, na baada ya kimya kirefu Bi Mkubwa akasema jambo ambalo hatukupata kulisikia kwake. Aliyemlea Unguja alikuwa mama mtu mzima, mweusi, ambaye nyumba nzima ikimwita Bibi. Alizaliwa mtumwa katika nyumba ya babu yake, kabla ya utumwa kufutwa mwaka 1897. "Alinifundisha kufunga leso, alinifundisha Kiswahili chote hiki mnachonisifia. Jina la mama yake silijui. Sikumuuliza." Binti yetu akamwuliza kwa nini hakumuuliza. Akasema, "Nyumbani hakuulizwa mtu swali kama hilo." Yaliishia hapo siku ile, lakini mtoto amekwisha kuanza kuyaandika, na bibi yake sasa anamtajia majina mengine anayoyakumbuka.

Makaburi yenyewe yanaitwa Ohlsdorf. Yalifunguliwa mwaka 1877 na ukubwa wake ni hekta 389. Mabasi ya mji hupita ndani yake, kwa hivyo mzee asiogope. Lango kuu liko mbele ya stesheni ya Ohlsdorf, na stesheni hiyo ni ya kwanza unapotoka uwanja wa ndege. Kwa hivyo tuliiacha ziara hiyo mpaka siku ya kuondoka. Mkubwa mmoja akabaki na mizigo, waliobaki wakaingia. Chukueni ramani mlangoni. Imegawanywa viwanja kwa herufi na namba, na bila ya hiyo mtazunguka kutwa.

Bi Mkubwa alisimama kwa mkongojo wake, hakukubali kiti. Aliuliza kibla iko wapi, tukamwonyesha. Akauliza Unguja iko wapi. Kutoka Hamburg ni karibu upande mmoja, tafauti ndogo tu, tukamwonyesha hiyo pia. Alikaa kimya kiasi cha dakika 10. Kama alisoma kitu, alisoma moyoni, nasi hatukumuuliza, wala ami hakumuuliza tuliporudi. Halafu akasema amechoka, twendeni.

Kwa watakaofuata njia hii: treni ya S1 itokayo mjini hukatwa vipande viwili katika stesheni ya Ohlsdorf. Mabehewa matatu ya mbele ndiyo yanayokwenda uwanja wa ndege. Ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Kaeni mbele tangu mnapopanda.