Mwanza wakati wa mbalamwezi

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimeshuka stendi ya Nyegezi, mgongo hauna kazi tena. Kwenye daladala ya kuingia mjini nikasahau mgongo kwa sababu ya mawe. Nyumba zimepanda vilima na kukaa juu yake. Nyingine jiwe lenyewe ndilo ukuta wa nyuma. Saruji ile yote ilipandaje kule kama si kichwani?

Jioni, Jiwe la Bismarck. Wajerumani waliouanzisha mji huu 1892 walilipa jina la Kansela wao. Wameondoka, jina limebaki, na mnandi wanalinyea bila kumwogopa mtu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwaloni, Kirumba. Kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, limefungwa marobota, mengine safari yake Kongo. Dagaa wabichi haba: huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka hivi taa haina la kuwaambia. Wavuvi wanashona nyavu na kubishana mpira.

Saa nne asubuhi. Kwetu Bagamoyo bamvua hili, saa hizi mashua zimelala ubavu kwenye tope. Hapa maji yako palepale yalipokuwa alfajiri, na mtoto anayachota kwa kikombe na kuyanywa. Ziwa kubwa kuliko upeo wa macho, halina chumvi wala halipwi! Mwili wangu haujakubali.

Nikamwamkia mama mmoja muuza dagaa, nikamwambia nilikotoka. Akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja kwenu harusini. Jioni nimeacha bahari mlangoni, asubuhi naamka haipo. Nikamwuliza mwenyeji wangu, mmeipeleka wapi?"

Kaole na magofu yake walimpeleka, lakini hakumbuki kitu. Anakumbuka kaa waliokuwa wakikimbia kwenye mchanga mtupu, na chai ya tangawizi iliyomchoma koo. Nimenunua visado viwili vya dagaa wakavu, zaidi kwa ajili ya hadithi hiyo.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepanda Isamilo. Huku, husemwa, ndiko Mwingereza Speke alikoliona ziwa, 3 Agosti 1858. Msafara wake na mwenzake Burton ulianzia kwetu, Kaole, mwaka mmoja kabla. Burton alibaki Tabora. Speke akakaa hapa siku chache, akaamua hiki ndicho chanzo cha Nile, na akalibandika ziwa jina la malkia wake. Burton akabisha. Mimi nami nina siku chache tu, ila sitangazi kitu.

Mtu ninayemtafuta pale juu ni Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa Speke: Myao aliyeuzwa utumwani akafika India, akarudi Unguja akiwa huru. Speke akizungumza naye Kihindustani. Habari nyingi za maji haya zilipita kinywani mwa Bombay kabla hazijaingia katika daftari la mzungu. Daftari moja, na macho mangapi siku ile? Wapagazi, askari wa Kibaluchi, wenyeji waliokuwa wakiteka maji hapa tangu enzi. Ningetoa visado vyangu vyote nisikie wapagazi walisemaje walipoyaonja.

Usiku, ufukweni. Saa mbili na nusu mwezi umepatwa wote, mwekundu. Simu juu. Dakika 82 za giza, walisema redioni. Kijana mmoja akarukia mtumbwi:

"Twendeni, dagaa hao!"

Mzee aliyekuwa akishona wavu hakuinua kichwa.

"Nenda. Ukiwasha taa, mwezi nao utakuwa umewasha yake. Na petroli ni yangu."