Mzee na baiskeli yake

Nilikuwa nyumbani. Nina la kuungama.

Mzee wangu akitembea kwenda msikitini tu, lazima asimame njiani, miguu inawaka na kufa ganzi. Lakini akipanda baiskeli anafika sokoni freshi! Nikamwambia mbele ya mama, "Baba, unadeka." Hakujibu. Akainama kutafuta kandambili zake.

Kumbe bwana! Juzi jamaa anayesoma udaktari hapa hosteli kanichorea. Ndani ya zile pingili 5 za kiuno kuna mfereji wa neva. Uzeeni diski zinatokeza, kano zinanenepa, mfereji unakuwa mwembamba. Ukisimama wima unabana zaidi. Ukiinama mbele, kama kwenye baiskeli, unapanuka kidogo, neva zinapumua. Henk Verbiest, daktari wa Uholanzi, alishaueleza ugonjwa huu mwaka 1954, mimi nipo hapa namwita mzee wangu mdekaji.

Akaniambia pia, akishindwa kuzuia mkojo, hospitali siku hiyo hiyo.

Jana nimempigia, nikaanza na samahani. Akacheka: "Sasa hela ya kupiga picha mgongo unatoa wewe?" Bumu likitoka tu, natuma.