Mwalimu wa Sikonge katika Nchi ya Omani

Sikonge yetu ni mji mdogo ulio kusini mwa Tabora, mwendo wa kilomita kama 70, katikati ya msitu wa miyombo. Watu wake hulima tumbaku na kurina asali, na kwa muda mrefu jina lake limejulikana kwa hospitali ya Wamoraviani na matibabu ya ukoma kuliko kwa vyuo vya Kurani. Hata hivyo njia ya misafara haikuwa mbali nasi. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya kwenda Ujiji, Stanley alizunguka kwa upande wa kusini akapita Ugunda, nchi ambayo leo imo katika wilaya yetu.

Kwa njia hiyo ya misafara walikuja Waarabu wa Omani, na kwa njia hiyo hiyo sisi tulikwenda kwao, ila mwendo ndio uliobadilika. Mwaka 1857 Burton alikaa njiani siku 134 tangu pwani hata kufika Kaze, karibu na Tabora ya leo, na aliyempokea hapo kwa ukarimu alikuwa Snay bin Amir wa kabila la Harithi. Sisi mwaka 1994 tulipanda gari moshi Tabora, tukashuka Dar es Salaam siku ya pili yake, kisha ndege ikatufikisha Maskati kwa saa chache tu. Tulikuwa na umri wa miaka 24, elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na katika sanduku hamkuwa na kitu cha thamani isipokuwa msahafu na galoni ya asali ya kwetu.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mfanyabiashara mmoja wa Tabora alikuwa na kaka yake mtu mzima aliyehamia Omani, katika mji wa Ibra, akataka apatikane kijana wa kuwasomesha wajukuu zake Kurani na kukaa naye yeye mwenyewe. Wengi watauliza: Mwarabu wa Omani amfuate Mnyamwezi kumsomesha mwanawe Kurani? Nasi tulijiuliza hivyo hivyo. Jawabu tulilipata baadaye. Mzee yule alizaliwa Tabora, na alitamani kusikia tena masomo kwa sauti ile aliyosomea yeye utotoni.

Ibra iko katika nchi ya Sharkiya, kilomita kama 170 kutoka Maskati, nayo Sharkiya ndiyo makao ya hao Harithi. Ukiingia katika mitaa yake ya kale waona majumba makubwa ya mawe na udongo, yenye milango ya nakshi, mengine yameporomoka na hayana mtu. Mengi yalijengwa na matajiri waliochuma biashara yao upande wetu wa bahari. Tulipoyatazama mara ya kwanza tulikumbuka tembe la Kwihara, lile alilokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Msomaji aliyefika Kwihara ameuona mwanzo wa biashara ile. Mwisho wake uko Ibra. Pembe zilipita hapa kwetu mabegani mwa watu, na kule zikageuka dari na milango.

Kazi yetu ilianza baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajakwenda shule, ikaendelea tena baada ya alasiri. Mchana wa kiangazi hakuna afanyaye lolote. Joto la huko halina mfano hapa Unyamwezi, na hata mbwa hujificha. Siku za mapumziko wakati ule zilikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwani Ijumaa na Jumamosi zimeanza mwaka 2013. Watoto walikuwa sita. Maana ya maneno waliielewa upesi kutushinda sisi tulipokuwa na umri wao, lakini makharija yao yalihitaji kazi. Waarabu wengi wa bara ya Omani, katika mazungumzo, huitamka jimu kama “ga” yetu, na mtoto asipoangaliwa huingiza “ga” hiyo katika Kurani. Basi alfajiri na alasiri tulikuwa tukiwaambia: jimu, jimu. Kijana wa Sikonge, ambaye mwalimu wake alimchosha miaka miwili ili atenge ra na lamu zinazochanganyika katika ulimi wa Kinyamwezi, sasa amwambia Mwarabu, “Hapana, rudia.” Mzee alikuwa akicheka peke yake barazani.

Katika sala palikuwa na jambo la kujifunza. Sisi ni Mashafii, wenyeji wetu ni Maibadhi: hawafungi mikono, hawaitikii amina baada ya Fatiha, wala hawaleti kunuti katika sala ya alfajiri. Siku ya kwanza tulisimama katika safu tukiwa na wasiwasi. Mzee akatuambia, “Mwalimu, sali kama ulivyosomeshwa.” Tangu hapo tulifundisha herufi na tajwidi, na mambo ya fikihi tuliwaachia baba zao. Laiti ndugu zetu wanaogombana misikitini kwa mambo madogo kuliko haya wangekaa Ibra mwaka mmoja.

Kuhusu riziki hatukudhulumiwa, lakini pasipoti yetu ilikaa kabatini kwa aliyetudhamini, na pasipo idhini yake tusingeweza kuhama wala kurudi. Twalitaja hili kwa sababu siku hizi nyumba nyingi za Tabora zina binti aliyekwenda huko kwa kazi za nyumbani. Mzazi na asome mkataba kabla binti hajaondoka, tena aujue mshahara, na ajue nyumba na simu ya mwajiri. Maneno ya wakala yasimtoshe.

Siku za mapumziko tulitembea. Tulikwenda Sur, mji wa mafundi wa majahazi, tukaiona ile bahari iliyowaleta babu zao kwetu kwa kaskazi na kuwarudisha kwa kusi. Tulikwenda Sinaw siku ya soko, Mabedui wakishindania bei ya ngamia. Tuliona mifereji ya falaji ambayo maji yake hugawanywa kwa zamu, na wazee wakatuonyesha jinsi zamu hizo zilivyopimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kila mahali tulisikia Kiswahili. Wako waliotoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, wako waliotoka Bujumbura, Kongo na hapa Tabora, nao wote huko huitwa Wazinjibari ijapokuwa wengine hawajapata kuiona Zanzibar. Alipotawala Sultan Qaboos mwaka 1970, Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu. Akawaita Waomani walioko nje warudi, na hao waliosoma Afrika Mashariki wakaingia maofisini na madarasani. Kwa hiyo si sisi wa kwanza kutoka kwetu kusomesha huko.

Ndipo siku moja, katikati ya Juzuu Amma, kijana mmoja wa miaka 11 akatuuliza, “Mwalimu, ni kweli babu zako walikuwa watumwa wetu?” Hakuuliza kwa ubaya. Alisikia shuleni. Wenzake wakanyamaza, nasi tukawaambia wafunge misahafu.

Tuliwaeleza kwamba Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla Mwarabu yeyote hajajenga nyumba Unyamwezi. Kwamba wapagazi walichukua mizigo kwa ujira, wakipunjwa huitupa chini na kuondoka. Na kwamba kijana wa kwetu aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado mtoto. Lakini hatukuishia hapo, kwa kuwa ukweli hauishii hapo. Watu walikamatwa, hasa huko Umanyema, wakapitishwa Tabora wamefungwa, na Waislamu walikuwa miongoni mwa waliowauza, na watemi wetu pia. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922, na Omani mwaka 1970. “Mwaka huo,” tulimwambia yule kijana, “baba yako alikuwa amekwisha kuzaliwa.” Khutba ya kuaga ya Mtume wetu (s.a.w.) walikuwa wakiijua kwa moyo, hatukuwa na haja ya kuirudia.

Mzee alikuwa barazani, na yote ameyasikia. Alipotuita tulidhani ndiyo safari ya kurudi nyumbani. Akamwita na mjukuu wake, akafungua karatasi ya nasaba yao, ndefu, majina ya wanaume watupu mpaka vizazi 14 nyuma. Akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe, akasema, “Mama yangu mimi alikuwa Mnyamwezi. Mbona hukuuliza habari zake?” Kisha akatusalimu, “Mwangaluka,” ijapokuwa ilikuwa jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi. Ndilo neno la mama yake alilobaki nalo.

Tuliporudi Sikonge mwaka 1998 alitupa amana moja: tulitafute kaburi la mama yake pembezoni mwa Tabora, chini ya mwembe. Kumwambia mtu wa Tabora atafute mwembe ni sawa na kumwambia mtu wa Ibra atafute mtende. Tulikwenda mara nne, tukitoka Sikonge juu ya malori ya tumbaku. Mara ya nne bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80 alitukumbukia nyumba ile, akatupeleka mwenyewe. Kaburi lilikuwepo, mawe tu, halina maandishi. Jina la marehemu alilijua, lakini hatutaliandika hapa, kwani ni la nyumba yao. Tukasoma Yasini, tukapiga picha, tukaipeleka kwa posta.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, kwa mkono wa yule kijana, wakati huo amefika miaka 15. Picha ilimkuta babu yake hai, naye aliilaza chini ya mto wake hata akafariki katika Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana alikuwa anataka kuliandika jina la bibi yake mzaa babu katika ile karatasi ya nasaba, lakini lina sauti ya ng’ ndani yake, na Kiarabu hakina herufi yake. Akauliza aandikeje.

Tulimjibu aandike ghaini, kama walivyofanya wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na aiongezee nukta mbili ili asomaye asikosee.