Kisanduku Kisemacho

Wako mafundi ambao hata leo hujifungia katika karakana zao, wakaunda redio ya meza kwa mfano wa zile za miaka ya 1920 na 1930. Ni kisanduku cha mbao kilichong'arishwa vizuri. Mbele yake kina tundu lililofunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa vifundo viwili vya kuzungusha. Madukani redio zauzwa tele, tena kwa bei ndogo. Mbona basi mtu mzima akeshe siku nyingi akiranda mbao na kuunga waya? Maana ya kazi hii huonekana vizuri kwa mtu ajuaye habari za wale wa kwanza walioifanya nyumbani mwao.

Katika nchi ya Uingereza, tarehe 14 Novemba 1922, kituo cha London kilichoitwa 2LO kilianza kutangaza kwa watu wote chini ya kampuni ya BBC. Kabla ya siku hizo simu ya upepo ilikuwa hasa kazi ya merikebu na majeshi. Sasa kila mtu alitamani kusikia. Lakini redio za madukani zilikuwa ghali, na watu wengi hawakuwa na fedha za kuzinunua. Kwa hiyo baba na watoto wake walikaa mezani baada ya chakula cha jioni, wakajiundia redio wenyewe, wakifuata michoro iliyopigwa chapa katika magazeti ya ufundi.

Vitu walivyohitaji vilikuwa vichache. Walizungusha waya wa shaba juu ya bomba la karatasi ngumu, mzunguko kando ya mzunguko. Waya mrefu waliutundika nje, upate kuyakamata mawimbi yapitayo angani, na waya mwingine waliuingiza ardhini. Kisha walitia kipande kidogo cha jiwe liitwalo galena, ambalo ni madini ya risasi. Ncha ya waya mwembamba, walioupa jina la sharubu la paka, iligusa jiwe lile. Galena huuachia umeme kupita upande mmoja tu, kama vile mpira wa baiskeli uachavyo upepo kuingia wala usitoke. Kwa njia hiyo mawimbi yalifanywa kuwa sauti katika visikilizio vya masikioni. Wala hapakuwa na betri. Nguvu ile ndogo iliyotoka kituoni na kupita angani ndiyo iliyosema.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Si kila mahali pa jiwe palifaa. Ilikuwa lazima kuigusisha ile ncha hapa na pale, taratibu, hata sauti isikike. Mlango ukifungwa kwa kishindo, ncha ilisogea na sauti ikapotea, nayo kazi ikaanza upya. Hivyo watu wa nyumba walijifunza kutembea polepole na kunyamaza kwa ajili ya mwenzao aliyekuwa akisikiliza.

Upesi likazuka shauri gumu. Kila mwenye redio alipaswa kulipa leseni ya shilingi 10 kwa mwaka, na redio yenyewe ilipaswa kuwa na chapa ya BBC. Kampuni hiyo iliundwa na watengenezaji wa redio, nayo ilipata sehemu ya mapato yake katika redio zilizouzwa. Sasa yule aliyejiundia redio kwa mikono yake hakuwa na chapa. Je, alikuwa fundi au mwizi? Wengi walisikiliza bila leseni yo yote. Mwaka 1923 serikali iliweka leseni ya watu waliojiundia redio, kwa shilingi 15, ili fundi wa nyumbani aweze kusikiliza bila kujificha. Leseni za redio zilifutwa kabisa katika Uingereza mwaka 1971, lakini shauri lile lafaa kukumbukwa. Kujua kuunda kitu hakumwondolei mtu wajibu wa kulipa haki ya wengine.

Shauri la pili lilihusu majirani. Baada ya jiwe walitumia taa za kioo ziitwazo valvu. Mwingereza John Ambrose Fleming ndiye aliyeunda ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza sehemu ya tatu ndani yake, hata ikaweza kukuza umeme ulio dhaifu. Mafundi wakagundua hila: sehemu ya nguvu iliyokuzwa yaweza kurudishwa mwanzoni ikuzwe tena, kama mkulima arudishavyo shambani sehemu ya mavuno iwe mbegu. Lakini aliyezungusha kifundo kupita kiasi aligeuza redio yake ikawa yenyewe yatoa mawimbi. Hapo majirani, badala ya kusikia muziki, walisikia mlio mkali kama wa mbwa aliaye usiku. Peter Eckersley, mkuu wa mafundi wa BBC, aliwasihi wasikilizaji waache jambo hilo. Mwenye kosa mara nyingi hakujua kwamba ni yeye. Tamaa yake ya kusikia mbali iliwanyima wengine kusikia cha karibu.

Fundi wa leo hurithi mambo hayo yote, naye huanza na mbao. Huchagua mbao kavu, ya mwaloni au ya mahogani, ambayo ni jamaa ya mkangazi, kwa maana mbao mbichi itajikunja baadaye na viungo vitaachana. Hupima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Hupiga randa, hutia gundi, hubana kwa jiliwa, kisha hungoja hata gundi ikauke. Mwisho husugua kwa msasa na kupaka vanishi nyembamba mara nyingi.

Kisanduku hicho si pambo tu. Karatasi ya spika ikisukuma upepo mbele, huuvuta nyuma wakati ule ule. Spika ikiwa peke yake, upepo wa mbele huzunguka upesi kuujaza utupu wa nyuma, na sauti nzito hufa. Mbao huzuia jambo hilo, ndipo sauti hutoka imejaa.

Hatari nayo haikosi. Ndani ya redio ya valvu itumiayo umeme wa nyumbani, nguvu ya umeme huweza kupita volti 200, na kapasita zake huweza kushika umeme huo hata baada ya waya kutolewa ukutani. Wengi wameona heri kutumia transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Redio ya transista hutosheka na betri ndogo, wala haiunguzi mkono wa anayejifunza.

Basi fundi hupata nini kwa taabu hiyo? Aliyenunua redio, ikinyamaza huitupa, au humpelekea mwingine. Aliyeiunda hufungua mgongo wake, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, akijiuliza sauti imekatikia wapi. Hakasiriki, kwa kuwa kila kiungo alikitia yeye. Akiona palipoachana, hupaunga tena, hugeuza kifundo taratibu, na kisanduku husema.