Barua Pepe ya Mfukoni na Seva Zilizopokezana Zamu

Mwishoni mwa karne ya 20, barua pepe ya kampuni ilisomwa zaidi kwenye kompyuta ya mezani, na juhudi za wasimamizi wa mifumo zilielekezwa kwenye kuhakikisha kwamba seva, yaani kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kugawa barua hizo, haizimiki. Dawa iliyokubalika ilikuwa klasta, kundi la seva zinazofanya kazi pamoja ili moja ikianguka nyingine ishike zamu. Programu ya seva ya barua ya Lotus Domino iliruhusu seva hadi 6 katika kundi moja, na nakala za sanduku moja la barua ziliwekwa kwenye seva zaidi ya moja, zikasawazishwa kila badiliko lilipotokea. Mshindani wake, Microsoft Exchange, ilitegemea huduma ya klasta ya Windows, ambamo seva zilitumia diski za pamoja na kupokezana umiliki wake.

Mwaka 1999 kampuni ya Research In Motion, yenye makao yake Waterloo nchini Kanada, ilileta BlackBerry, kifaa cha mkononi kilichopokea barua bila mtumiaji kuiomba. Ili jambo hilo liwezekane, kampuni iliyokitumia ilisakinisha programu iliyoitwa BlackBerry Enterprise Server, ambayo ilichukua nakala ya kila barua mpya, ikaibana, ikaifumba kwa msimbo wa siri, kisha ikaipeleka kwenye mitambo ya Research In Motion, ambayo nayo iliikabidhi kwa mtandao wa simu. Muunganisho huo ulianzia ndani ya kampuni kwenda nje kupitia poti 3101, yaani mlango wa mawasiliano wenye namba hiyo, kwa hiyo faiwoli, ambayo ni kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, haikuhitaji kufunguliwa kwa wageni kutoka nje.

Wasimamizi waliofanya kazi hiyo wanakumbuka kwamba ugumu wake haukuwa katika kusakinisha bali katika kuamua mahali pa kusakinishia. Kwa upande wa Domino, programu hiyo iliendeshwa kama kazi mojawapo ndani ya seva ya Domino yenyewe, na hivyo kulikuwa na kishawishi cha kuiweka kwenye klasta. Lakini desturi iliyoonekana salama ilikuwa kuitengea seva yake ya Domino, isiyo na masanduku ya watumiaji. Kwa upande wa Exchange, iliwekwa kwenye mashine ya pembeni, ikapewa akaunti yenye ruhusa ya kufungua masanduku ya watumiaji na kutuma barua kwa majina ya wenyewe, na ilielekezwa kwenye jina la pamoja la klasta, si jina la mashine mojawapo, ili zamu ikihama iendelee kuyapata masanduku yale yale.

Hata hivyo, kila usakinishaji ulikuwa na kitambulisho chake cha pekee, na kama seva mbili zingejaribu kukitumia kwa pamoja, mitambo ya Research In Motion ingeweza kukifungia. Matokeo yake ni kwamba kando ya klasta iliyojengwa kwa gharama kubwa ilisimama mashine moja isiyo na msaidizi, nayo ilipozimika simu za wakurugenzi zilinyamaza ilhali barua zao zilikuwa salama sandukuni. Toleo la 5.0 la mwaka 2009 lilileta jozi ya seva, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, lakini zote mbili zilisoma hifadhidata moja, na ulinzi wa hifadhidata hiyo ukawa kazi nyingine.

Udhaifu uliobaki ulikuwa nje ya kampuni. Mwezi Oktoba 2011 hitilafu katika swichi kuu ya Research In Motion ilivuruga huduma kwa siku kadhaa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kisha ikafika Amerika, na klasta iliyopangwa vizuri haikuwa na la kufanya, kwa kuwa kiungo kilichokatika hakikuwa mali yake.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kukomaa. Tangu mwaka 2005 Exchange yenyewe iliweza kusukuma barua hadi kwenye simu kwa utaratibu wa ActiveSync, ambamo simu hufungua ombi kwenye poti 443 na seva hulishikilia mpaka barua mpya ifike. iPhone ilipoupokea mwaka 2008, haja ya seva ya pembeni ilianza kupungua. Badala yake, kampuni ililazimika kufungua mlango wa kuingilia kutoka intaneti na kusimamia cheti cha usalama, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Office 365, iliyozinduliwa mwaka 2011, iliharakisha hatua iliyofuata, kwani kampuni nyingi zilikabidhi hata masanduku yenyewe kwa mtoa huduma. Huduma za BlackBerry za kizazi cha zamani zilifungwa tarehe 4 Januari 2022.

Kwa hiyo mabadiliko hayo hayakuondoa hatari ya kutegemea kiungo kimoja, bali yaliihamisha hatua kwa hatua kutoka kwenye seva ya barua hadi kwenye mashine ya pembeni, kutoka hapo hadi mitambo ya nchi ya mbali, na hatimaye hadi kwa mtoa huduma mmoja. Na msimamizi aliyekuwa akijaribu uhamishaji wa zamu kwa kuzima seva kwa makusudi sasa hulazimika kuupima uthabiti wa huduma kwa kusoma masharti ya mkataba.