Siku Moja Katika Korongo la Kyambura

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese huteremka vilima vya Bushenyi na kuiona mbuga ya Queen Elizabeth, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1952. Ni nyika tupu. Hadhani kwamba mahali fulani nyika hiyo imepasuka, kina chapata mita 100, na ndani yake mna msitu na mto Kyambura uendao katika mfereji wa Kazinga.

Nilikwenda huko wakati wa likizo, pamoja na kaka yangu ambaye ni askari. Asubuhi mapema tulisimama ukingoni. Ukungu ulifunika miti, na kelele za sokwe mtu zilipanda kutoka chini kana kwamba watu wanagombana sokoni.

Mwongozaji alitueleza masharti, kisha akauliza, "Yuko mwenye kikohozi au mafua?"

Wote kimya. Nilijua kwamba kaka alikohoa usiku kucha. Nilijua pia kwamba alikuwa ameweka akiba miezi mingi kwa ajili ya siku hiyo.

"Mimi ninacho," akasema.

"Samahani, afande. Itakubidi ubaki."

Kaka hakubisha. Alinipa darubini yake akaketi chini ya mti.

Tukiteremka, huku tumeshika mizizi, mwongozaji alitupa sababu. Sokwe mtu huambukizwa maradhi yetu, na mafua mepesi kwetu yaweza kuwaua. Wale wa Kyambura ni kundi dogo. Misitu iliyowaunganisha na wenzao imekatwa, nao wanaishi kama kisiwani. Akifa mmoja, ni shida kupata mgeni wa kujaza pengo lake.

Tulivuka mto juu ya gogo, viboko wakikoroma karibu. Mbega waliruka matawini. Hatimaye, juu ya mkuyu, tulimwona mama akila matunda, mtoto amemng'ang'ania kifuani. Alitutazama kidogo, akaendelea kula.

Tulipopanda tena, kaka alikuwa pale pale.

"Umewaona?"

"Nimewaona, kaka. Mama na mtoto."

"Wazima?"

"Wazima kabisa."

"Basi safari yangu haikupotea," akasema, akapokea darubini yake.

Ndugu msomaji, ukijaliwa likizo, nenda Kyambura. Vaa viatu imara, chukua maji ya kunywa. Lakini ukiwa na mafua, sema kweli ukingoni, hata kama umekwisha lipa.